Nyumba ya Karibu Isiyofikiwa na Maji

Mimi naishi Kisarawe, juu kabisa, ambako mvua ikinyesha maji hayakai hata ya kunywa kuku. Yanashuka mabondeni kusumbua watu wengine. Kwa hiyo majirani hunishangaa wakiona ninavyoufuatilia utabiri wa hali ya hewa. Taarifa ya habari ikikaribia mwisho watoto wangu hunyamaza wenyewe, maana wameshafokewa vya kutosha kwa ajili ya ramani ile. Najua njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mume wangu husema nimeolewa na wanaume wawili, yeye na yule anayesimama mbele ya ramani, na kwamba yule mwingine ndiye anayesikilizwa. Namwacha aseme. Mama yake yeye anakaa ghorofani mjini. Mama yangu mimi anakaa bonde la Ruvu.

Ukipita Maili Moja ukaifuata barabara ya Morogoro mpaka Mlandizi, halafu ukaacha lami, ndiko kwetu. Watu wa kule wanalima mpunga, muhogo na mchicha wa kando ya mto, na siku hizi wamechanganyikana na wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Mwenyeji na mhamiaji wote wanalijua jambo moja ambalo mgeni halijui: mvua inayotudhuru sisi hainyeshi kwetu. Inanyesha Morogoro, milimani. Wewe huku umeanika mpunga, jua linakuchoma utosi, na mto unakuja. Ndiyo maana mimi sisikilizi habari za Pwani peke yake. Mkoa wa Morogoro ukitajwa na neno ngurumo pembeni yake, naitafuta simu.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa, na nyumba yake ilikuwa chini, ya miti na udongo, paa la bati, karibu na majaruba, kwa sababu walipooana baba alitaka kulala karibu na mpunga wake. Mke mdogo alikuja baadaye sana, akajengewa ya tofali kilimani, kando ya barabara, maana ndipo palipobaki kiwanja. Hakujaliwa mtoto. Sisi, yaani mimi peke yangu, nilimwita mama mdogo. Ukisimama mlango wa nyumba moja unaliona paa la nyingine. Baba alilala kwa zamu, kwa haki kabisa, hakuna aliyewahi kumlaumu kwa hilo, mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua. Shida ni kwamba alimchukua zamu ya kilimani.

Mama aliletewa habari alfajiri. Akapanda na kanga alizolalia, akamkuta baba ameshafungwa kidevu, ameshafunikwa. Kumbe alianza kubanwa kifua tangu magharibi. Kati ya nyumba zile mbili ni mwendo wa kuchemsha chai tu, na hakuna aliyetumwa kumwita mama. Nilifika baadaye nikasimuliwa kwamba hakulia. Alimtazama mke mwenzake akamwuliza, "Ulishindwa hata kunitumia mtu?" Mama mdogo hakujibu, na tangu pale mama hakusema naye tena. Si kwamba walikuwa marafiki, uke wenza ni uke wenza, lakini kabla ya hapo walikuwa wanaombana chumvi. Baada ya mazishi hata chumvi ikakatika.

Kila mmoja akaingia eda nyumbani kwake. Mjane kwetu anakaa ndani miezi minne na siku kumi, haolewi, hajipambi, hatembei. Na kijijini kwetu eda inakaliwa kwa ukali kuliko ilivyoandikwa vitabuni. Mama hakutoka hata kuuangalia mchicha wake. Chooni alikwenda amejifunika gubigubi, nikamtania kwamba hata choo kitashindwa kumtambua. Hakujitazama kiooni, hakujipaka manukato, na mwanaume asiye ndugu akija kutoa pole aliongea na pazia. Kwa kuwa mume ni mmoja na kifo ni kimoja, wajane wale wawili walianza eda pamoja na wangeimaliza pamoja, huku kila mmoja akilitazama paa la mwenzake.

"Hii ndiyo kazi ya mwisho ninayomfanyia baba yako," mama aliniambia. "Nikiiharibu hii sina nyingine ya kuitengenezea."

Ndipo ukatoka utabiri wa vuli. Wakasema Pwani na mikoa jirani mvua zitakuwa juu ya wastani, zitaambatana na upepo na radi, na wakazi wa mabondeni wachukue hatua. Nikapiga simu kabla hata yule bwana hajamaliza Kanda ya Ziwa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umeshaona kitu kwenye televisheni."

"Wamesema mvua mwaka huu kubwa."

"Zimekuja?"

"Bado. Lakini wamesema."

"Habari ya mvua si mvua, mwanangu. Mimi niko eda."

Wiki zile zote tuliongea hivyo. Nilimwambia mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, akanijibu kwamba Idi hiyo itamkuta hapohapo kitandani kwake. Nilimwambia tahadhari kabla ya hatari, akasema maneno hayo yameandikwa nyuma ya malori, na malori ndiyo yanayopinduka. Mwanamke yule ana jibu la kila kitu. Mimi nimerithi ulimi wake, lakini utulivu wake sikuupata hata kidogo.

Sikuogopa sana asombwe na mto, hilo kila mtu analiogopa. Nilichokiogopa mimi ni ukuta. Nyumba ya udongo ikisimama ndani ya maji mchana kutwa, udongo unalainika chini, wewe juu huoni kitu, unapika, unasali, halafu ukuta unakaa, unaporomoka wote. Mama alikuwa na ushahidi wake: tangu aolewe, maji ya Ruvu yakipanda yanaishia banda la kuku. "Yanajua mpaka," alisema. Lakini masika iliyopita yalivuka banda yakalamba kizingiti, na mimi niliona alama yake kwenye ukuta kwa macho yangu. Kingo za mto si zile, watu wamechimba mchanga mpaka mto umejisogeza wenyewe. Usiku nilikuwa nalala naona ile alama.

Nikaona dawa ya mtu wa dini ni dini. Nikampigia shehe wa msikiti wa kijijini, mtu mpole, aliyemzika baba. Nikamwuliza mjane wa eda nyumba yake ikihofiwa maji anafanyaje.

"Anatoka," akasema. "Nafsi kwanza. Hofu ikiwa ina dalili, hangoji mpaka maji yamfike shingoni."

Nilifurahi nusura nimkatie simu. Nikasema basi nitakuja kumchukua Kisarawe. Shehe akacheka kidogo.

"Kisarawe hiyo ni safari, mama. Aliye eda hasafiri. Anahamia nyumba ya karibu isiyofikiwa na maji, anakaa humo mpaka eda iishe."

Nyumba zote za jirani na mama ziko bondeni kama yake. Ya kwanza kilimani, ile ambayo maji hayajawahi kuifikia, ni ya mama mdogo. Shehe alilijua hilo kama mimi.

Jambo la namna ile halisemwi kwa simu. Nikaenda. Nilimkuta mama ameketi mkekani anapeta mchele, na shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa akilala kwa mama kipindi cha eda, yuko nje anafua. Nikamweleza mama hukumu ya shehe, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Shehe kasema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kamtaja mtu?"

"Hakumtaja mtu. Kasema nyumba ya karibu."

Akaendelea kupeta. Pumba zikaruka, mchele ukarudi.

"Basi bora maji," akasema.

"Mama."

"Bora maji, nimesema. Nyumba ile ilimficha mume wangu anakata roho. Leo nikapige hodi, nikaombe nini? Mkeka? Nikalale mlango wa pili na chumba alichofia, nisikie anavyokoroma yule aliyemwona wa mwisho?"

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia ukuta ukimwangukia mimi nitamwambia nani. Nilisema kwa sauti, shangazi akaacha kufua.

"Utasema inna lillahi, kama ulivyosema kwa baba yako," akajibu. "Sasa nisogezee lile sufuria."

Wakati wa kurudi nilipita kilimani kushika barabara. Mama mdogo alikuwa dirishani, kanga nyeupe kichwani. Nikamwamkia, akaitikia. Akauliza mama hajambo, nikasema hajambo. Akauliza magoti yake. Nikasema magoti ni yaleyale, akiinuka analia, akikaa analia. Akatikisa kichwa. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, lakini kumwombea mama hifadhi mahali alipokwisha kupakataa ni kumvua nguo hadharani. Nikaaga nikaenda zangu, na njia nzima nilikuwa nawaza tu ule ukuta.

Desemba ikaingia na joto lake, lile la kubandika nguo mgongoni. Mimi ni fundi cherehani, na Desemba ni mwezi wa sare za shule, wazazi wamejipanga mlangoni, kila mmoja anataka ya mwanawe iishe kwanza. Ndipo wakatoa angalizo la rangi ya njano. Jioni iliyofuata likapanda kuwa chungwa: Pwani, Dar es Salaam, Tanga, Morogoro. Niliposikia Morogoro nilishona mfuko wa suruali ukaingia ndani nje. Mume wangu akazima televisheni. Nikaiwasha.

Dhoruba ilitufikia alasiri. Upepo ulitangulia, ukang'oa bati za jiko la jirani, halafu radi, halafu mvua kubwa. Nilikuwa na simu mkononi muda wote. Ilipotulia nikampata mama.

"Kumenyesha," akasema, "na kumekatika. Banda la kuku kavu. Si nilikuambia? Lala, mwanangu, na wewe uwape watoto wako nafasi ya kulala."

Sikulala. Kulipopambazuka, jua lilikuwa zuri ajabu, mbingu zimeoshwa, watu wa Kisarawe wanaanika magodoro. Kila mtu alikuwa anasema afadhali, imepita. Jua lile lilinitia hofu kuliko radi za jana. Wale wa redioni walisema Morogoro imenyesha mpaka asubuhi na bado inanyesha.

Nikampigia mama, hapatikani. Simu yake huzimika hovyo, hilo halikuwa jipya. Nikampigia shangazi. Akaniambia yuko Mlandizi, amekuja kusaga, na huko jua kali.

"Mama yuko na nani?"

"Peke yake. Nimemwanikia mpunga ndipo nikatoka. Kuna nini?"

Nikaiacha cherehani na sindano ndani ya kitambaa. Wazazi wa sare wakaniangalia ninavyofunga mlango. Mmoja akauliza kama kesho nitakuwepo, nami nilikuwa nimeshashika njia.

Kutoka Kisarawe mpaka Mlandizi unazunguka mjini, na safari ile siwezi kuisimulia maana sikuiona. Nakumbuka Maili Moja tu, pale gari liliposimama, mama mmoja wa karanga dirishani akimwambia mwenzake kwamba Ruvu imefura, kuna watu wameamkia juu ya matuta. Nilitaka kumwuliza upande gani, gari likaondoka.

Mlandizi nilimkuta shangazi ameketi kwenye benchi la muuza chai, ndoo ya unga miguuni. Uso wake ulinitosha. Madereva wa bodaboda walikuwa wanageuza pikipiki. Njia ya kijijini imekatika kwenye kile kidaraja kidogo, maji yanapita juu yake, hakuna anayekubali kwenda kwa pesa yoyote. Na jua bado linawaka, watu wanakula miwa.

Nikapiga simu ya mama tena. Haipatikani. Nikapiga tena. Shangazi akanishika mkono.

"Piga kilimani," akasema.

"Mama hataki."

"Mama yako hataki kuomba. Wewe si mama yako. Piga."

Sikuwahi kumpigia mama mdogo simu maisha yangu. Namba yake nilikuwa nayo kwa sababu ya msiba. Akapokea haraka, kama aliyekuwa ameishika.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekwama Mlandizi, na shangazi ninaye hapa. Mama yuko peke yake."

"Nayaona maji," akasema. "Banda la kuku silioni tena."

"Nakuomba, mama mdogo. Magoti yake hawezi kujitoa mwenyewe. Tuma mtu yeyote."

"Nitume nani? Wanaume wote wako mtoni wanaokoa ng'ombe. Na mimi niko eda, mwanangu."

Simu ikakatika. Sijui aliikata au mtandao. Nilipopiga tena haikupokewa, na nilipopiga mara nyingine ikaita mpaka ikachoka. Nilimwambia shangazi alivyosema, na nilimtukana mama mdogo pale kwenye benchi, matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Nilisema kwanza alimficha baba, sasa yuko dirishani anamtazama mama anakufa, na eda yake ameikumbatia. Muuza chai akanisogezea kikombe bila kuniuliza. Shangazi alikuwa anasoma dua kwa midomo tu.

Kungoja kule sitaki kukurefusha. Niliogopa mpaka nikawa nasikia baridi juani. Mwishowe shangazi akainuka, akamwachia muuza chai ndoo ya unga, akasema tuta la reli liko juu, kama reli haijazama tutapita kwa miguu. Tukaenda. Hatukuwa peke yetu, watu walikuwa wanatembea juu ya tuta na mbuzi, na magodoro, na mtoto mgongoni, na huku na huku maji ya rangi ya chai ya maziwa yametulia kama yamekuwepo siku zote. Mahindi yalionekana ncha.

Pale tuta linapokata kona, kijiji chetu kinaonekana. Nikaitafuta nyumba ya mama. Nililiona paa. Upande wa sebuleni lilikuwa juu, na upande wa chumbani lilikuwa limelala majini. Ukuta wa chumba cha mama haukuwepo.

Nikakaa kwenye kokoto za reli. Nilisema, "Shangazi, umekaa. Ukuta umekaa." Nilikuwa nimeyasema maneno hayo moyoni mara nyingi mno mpaka yalitoka kama habari ya zamani. Shangazi akanivuta mkono, akasema inuka, hatujaona maiti, usilie msiba usio na maiti. Hasira ya kuambiwa hivyo ndiyo iliyoninyanyua.

Tuta lilitushusha karibu na barabara, upande wa kilimani. Kwa hiyo nyumba ya kwanza kuifikia ilikuwa ya mama mdogo, na sikukusudia kuingia mle isipokuwa kumwuliza alichokiona. Nilisukuma mlango bila hodi.

"Ufunge," sauti ikasema ndani. "Upepo unaingia."

Alikuwa mama. Ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, amevaa gauni la mama mdogo linalombana mikono, miguu mitupu imejaa matope mpaka magotini. Nilimwangukia nikalia kama mtoto wa shule ya vidudu. Akanipigapiga mgongoni, akaniambia nimemlowesha zaidi ya mto.

Mama mdogo alikuwa pembeni ya jiko la mkaa, amejifunika kanga nyingine kavu, anatetemeka. Muundi wake ulikuwa umechanika, ameufunga kitambaa. Kati yao kulikuwa na kikombe cha chai kilichojaa, kimeshapoa, hakijaguswa. Nikaelewa kwamba kilikuwa cha mama.

"Nilikuwa juu ya kitanda," mama akanisimulia, akinitazama mimi tu. "Maji yameshapita kizingiti. Huyu akaingia na mchi mkononi, anapima chini. Nikamgeuzia uso. Nikasema moyoni, hata akifa mtu, sitoki na huyu. Akaniambia, eda yangu nimeiacha mlangoni kwangu, sasa inuka isiwe imepotea bure."

Mama mdogo alikuwa anachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Akatufunga kanga moja viunoni, mimi na yeye," mama akaendelea. "Akanipandisha. Nilianguka, akaanguka. Pale kwenye mti wa mkorosho tukasikia nyuma yetu kitu kimefanya pu. Sikugeuka. Huyu aligeuka."

"Ukuta," mama mdogo akasema. Hilo ndilo neno pekee alilolisema tangu tuingie.

Shangazi akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikamgeukia mama mdogo nimshukuru, na sikupata pa kuanzia, maana matusi ya benchini bado nilikuwa nayahisi mdomoni. Nikamshika mikono. Ilikuwa ya baridi sana.

Nikachukua kile kikombe, nikamwambia mama nitakipasha moto, anywe.

"Sinywi," akasema.

Nikaona hee, hata sasa. Nikamwambia mama jamani, mtu amekutoa kwenye kifo, chai yake hunywi? Akanikatiza kwa mkono.

"Nenda kwa shehe."

"Kwa shehe kufanya nini? Eda yako haina neno, alishasema. Nafsi kwanza, nyumba ya karibu. Ndiyo hii."

"Ya kwangu naijua," akasema. "Mimi nimetoka kwa kuihofia nafsi yangu, nina ruhusa. Huyu nyumba yake kavu. Nafsi yake ilikuwa salama hapa dirishani. Ametoka kwa ajili yangu mimi. Nenda ukaniulizie eda ya huyu. Nikinywa chai yake kabla sijajua, itakuwa nimeinywa na eda yake."

"Nitampigia simu."

"Hili si la simu. Nenda kwa miguu yako."

Nikaenda. Msikiti uko kilimani vilevile, na shehe alikuwa barazani na watu waliokimbia maji, anagawa mikeka. Nilimsimulia yote, na swali la mama nikaliweka mwisho, nikiwa nahema. Kusema kweli niliogopa jibu. Akilini nilishamwona mama mdogo anaanza upya kuhesabu, au anaambiwa imeharibika, kwa sababu ya simu yangu. Shehe alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza aliyeuliza ni nani, mwenyewe au mke mwenzie? Nikasema mke mwenzie. Akauweka chini mkeka aliokuwa ameushika.

"Mjane hutoka mchana kwa haja yake," akasema. "Na haja gani kubwa kuliko ile? Kamwambie eda yake haikuharibika. Aendelee nayo kutoka pale alipoiacha."

Nilirudi nakimbia, kandambili moja imebaki kwenye tope. Niliwakuta vilevile, mmoja ukutani, mmoja jikoni, shangazi katikati amesinzia. Nikasema nikiwa bado mlangoni, "Shehe amesema eda ya mama mdogo nzima. Haikuharibika."

Mama mdogo akajifunika uso kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

Mama alimtazama. Akajikokota mkekani na magoti yake mabovu, taratibu, mpaka akafika karibu na jiko. Akakichukua kile kikombe cha chai ya baridi, akanywa funda moja, kubwa, akakiweka chini.

"Mwenzangu," akamwambia. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu siku ya maiti. "Umesikia? Eda yako nzima. Haya, sasa niambie alivyokufa. Usinifiche kitu."

Mama mdogo akajifuta uso, akakaa vizuri, akaanzia magharibi ya siku ile, baba aliporudi kutoka kusali akasema kifua kinambana na akakataza mama yangu asiitwe, asije akapanda kilima usiku na magoti yale. Mama hakumkatiza hata mara moja.